Tuko Wawili na Mpwa Wangu

Mjomba wangu alifundisha Kiingereza shule ya msingi kule Lamu mpaka akastaafu, na hakuna kosa lililomchefua kama mtoto kuanza sentensi kwa "me and". Ukisema "Me and my brother went to the shop", huulizwi huko dukani mlinunua nini, unaitwa mbele. "Jitaje mwisho! My brother and I!" Na fimbo inakusaidia kukumbuka. Sisi tuliokulia kwenye mimi na kaka yangu, mimi na wewe, mimi mbele na wengine nyuma, jambo hilo lilitushinda. Waingereza hawa "I" yao wanaiandika kwa herufi kubwa hata ikiwa katikati ya sentensi. Wamejitanguliza nusu ya dunia, bandari wakachukua, mashamba wakachukua, halafu wakifika kwenye sarufi ndipo adabu inawajia: tangulieni, mimi nitafuata.

Shahidi wake mkuu alikuwa Malkia Elizabeth, ambaye hotubani alipenda kusema "My husband and I". Aliisema sana hata watu wakawa wanamtania, mpaka mwaka 1972, kwenye sherehe ya miaka 25 ya ndoa yake pale Guildhall, London, akajitania mwenyewe kwamba siku hiyo walau kila mtu atakubali ana haki ya kuanza hivyo. Mjomba alitusimulia kisa hiki kana kwamba alialikwa.

Basi alipokuja kunitembelea Newcastle, ninakofanya kazi, akataka nimpeleke Lindisfarne. Ni kisiwa kilichoko kaskazini zaidi ya hapo, ambacho Waviking walikivamia mwaka 793. Kukifikia huhitaji mashua. Kuna barabara ya lami inayokatiza mchangani, ila bahari huifunika mara mbili kila siku kisha huiachia. Mwanzoni mwa barabara wamebandika ratiba ya saa za kuvuka, pamoja na bango lenye picha ya gari lililozama, linaloonya kwamba huyu anaweza kuwa wewe. Mjomba alilisoma lote, akacheka.

"Hili wamewawekea watu wa bara."

Kisiwani alifurahi kupita kiasi. Alisoma kila kibao kwenye magofu ya watawa, akatafuta kosa la nukta, akalipata. Mimi nikawa natazama saa. Nilipomkumbusha ratiba alitazama juu, kama mtu anayeutafuta mwezi mchana, akahesabu kwa vidole, akatoa hukumu: bamvua lilikwisha juzi, haya ni maji mafu, hayana nguvu. "Mimi nimezaliwa maji yakigonga mlango. Leo karatasi inifundishe kupwa na kujaa?"

Sasa mpwa utamjibu nini mjomba? Nikawasha gari.

Maji mafu yalitukuta katikati ya njia. Mwanzo yalikuwa utandu tu juu ya lami, ukimetameta vizuri hata mjomba akausifu. Mara gari likakohoa, likanyamaza. Mjomba alikuwa amevua kiatu kimoja ili apumzishe mguu. Maji yakapenya chini ya mlango, yakakiinua kile kiatu polepole, kikazunguka mara moja, kikaanza safari ya kuelekea kwenye kanyagio la breki.

"Hee," akasema mjomba.

Bahati nzuri pale njiani wamejenga kibanda cheupe cha mbao juu ya nguzo, chenye ngazi, mahsusi kwa wajuaji. Tukakipanda, mjomba na kiatu chake kimoja. Simu yangu ilikuwa imelowa chepechepe; yake ilikuwa kavu kwenye mfuko wa koti. Akapiga 999. Nikanyosha mkono anipe niongee, akanigeuzia mgongo. Mwalimu wa Kiingereza yupo hai, asemewe na mwanafunzi wake?

Lakini baridi na hofu havijui shule uliyofundisha. Mjomba, mlinzi wa "my nephew and I", alifungua mdomo kikatoka Kiswahili kilichovaa suti:

"We are stuck with my nephew!"

Tumekwama na mpwa wangu. Lamu nzima ingejua ni watu wawili: anayesema, na mpwa. Huko kwao sivyo. Mwingereza akisikia "we" ameshapata kundi lililokamilika, na "with" inaongeza mtu mwingine juu yake. Tena "stuck with" ya Kiingereza cha kila siku ina kisirani, ni sawa na kusema tumebebeshwa huyu mpwa na hatuna pa kumtua. Sauti ya dada wa simu ikauliza tuko wangapi.

"We are two with my nephew."

Hesabu ya Lamu, wawili. Hesabu ya upande wa pili, wawili na mpwa, watatu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeona kiatu kimetoka kwenye gari kinaelea karibu na nguzo, nikashuka vipago kadhaa kukiopoa. Kwa hiyo mazungumzo yaliyobaki niliyasikia nikiwa ninaning'inia ngazini. Dada aliuliza kama huyo mpwa ni mtoto. Mjomba akachungulia chini, akanitazama. Nina miaka 34, nina ndevu, na nina mkopo wa gari lile lile lililokuwa likizama.

"Yes, madam," akasema kwa huruma. "He is our child. The child of my sister."

Yuko nawe hapo?

"No. He has gone down."

Ndipo simu ikazima chaji.

Sikukipata kile kiatu. Nikarudi juu, tukakaa tukitetemeka, mjomba akiniambia waokoaji wa huku si wa kujivuta kama alivyodhani, maana baada ya muda tuliona boti inakuja mbio, na kule ufukweni tochi nyingi zimejipanga safu zikitambaa taratibu, kama watu wanaotafuta sindano. "Angalia wanavyothamini binadamu," akasema.

Boti ikafunga chini ya ngazi. Akapanda bwana mmoja wa makamo, kofia ngumu kichwani, akatuhesabu kwa kidole. Wawili. Akachungulia nyuma ya mlango. Akauliza, kwa upole wa mtu anayeogopa jibu, mtoto yuko wapi.

"This is the child," mjomba akaninyoshea kidole.

Yule bwana alizitazama ndevu zangu kwa muda mrefu. Kisha akaiambia redio kwamba mzee amepatwa na mshtuko na mtoto bado hajaonekana. Redio ikajibu kwamba helikopta inaandaliwa. Mjomba kusikia helikopta akadhani ni yake. "Mwambie si lazima, hata boti inatosha."

Nikaona heshima ingoje nje kidogo. Nikasema kwa sauti: "There's no child. It's just me and him."

Uso wa yule bwana ukafunguka pale pale. Akaishika redio, helikopta ikarudishwa, na tochi za ufukweni zikaanza kuzimika moja moja. Mjomba naye alinitazama kwa uchungu ambao hakuuonyesha gari lilipozama. "Me," akasema chini chini. "And him. Mbele za watu."

Mateso yake yalikuwa bado. Njiani yule bwana, ambaye kazi ile anaifanya kwa kujitolea bila mshahara, akatusimulia alikokuwa simu ilipoita: "Me and the wife had just sat down to our tea." Mzawa! Mzee mzima! Mjomba alifumba macho ndani ya blanketi lake la karatasi ya fedha. Kisha bwana yule akainama, akataka kumtuliza kwa siri kidogo: "Between you and I, we get this every year."

"Between you and me!" mjomba akafumka.

Na hapo alikuwa na haki, kwa maana baada ya "between" ni "me" tu. Ila nani amemfikisha mtu yule hapo? Si walimu wa aina ya mjomba? Mtoto akichapwa kila akitamka "me", huikimbia hata mahali ambapo ndipo kwao. Nilimwambia mjomba kwamba Shakespeare naye aliandika "between you and I", kwenye ile barua ya Antonio, katika mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuuita Mabepari wa Venisi. Akafikiri kidogo.

"Ndiyo maana ikabidi Mwalimu aufasiri."

Kesho yake aliamka salama, akavaa ndala zangu, akampigia mama. Akasimulia, "Tulikwama na mwanao baharini," na mama hakuuliza mlikuwa wangapi, aliuliza gari la nani.

Kampuni ya bima iliandika barua baada ya wiki kadhaa. Kumbukumbu za simu ya dharura zilionyesha abiria watatu, fomu yangu inasema wawili. Tafadhali tuwapatie jina na anwani ya abiria wa tatu. Mjomba alikuwa bado yupo, akaiomba aisome. Alipofika mwishoni mkono ukaanza kumtetemeka. Mwandishi alikuwa amesema kwamba kwa maelezo zaidi tuwasiliane na "my colleague or myself". Hawa wa maofisini wamechapwa kwa "me", wakachapwa kwa "I", wameishia kujificha nyuma ya "myself".

Akaniomba kalamu nyekundu. Akaizungushia ile "myself" duara, akaweka nne juu ya kumi, na chini, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukitukosesha usingizi darasa la tano, akaandika: "See me."

Nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka posta.