Miaka ambayo Starzl hakupandikiza ini

Historia ya upandikizaji wa viungo ikitajwa, wengi hukumbuka figo ya Boston mwaka 1954 au moyo wa Cape Town mwaka 1967. Mimi nikiulizwa ni daktari gani wa fani hiyo anayestahili kusomwa zaidi na vijana wetu wa udaktari, namtaja Thomas Starzl, hasa kwa ile miaka aliyoacha kupandikiza ini.

Machi 1963, mjini Denver, Marekani, alijaribu kumwekea ini jipya mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Hakuna binadamu aliyewahi kufanyiwa hivyo. Starzl alikuwa ameujaribu upasuaji huo kwa mbwa kwa miaka kadhaa, lakini mbwa wale walikuwa na maini mazima. Mtoto huyu alikuwa na makovu ya upasuaji wa awali, na kwa kuwa damu ilishindwa kupenya kwenye ini lililokakamaa, ilikuwa imejitafutia njia kwenye vishipa vingi vilivyotuna. Kila kilipoguswa kimoja, damu ilimwagika. Tena haikuganda, maana vitu vinavyogandisha damu hutengenezwa na ini hilohilo lililoharibika. Mtoto alifia mezani.

Wagonjwa waliofuata walisaidiwa damu yao igande. Upasuaji wakauvuka, ila sasa damu ikaganda pasipotakiwa, ndani ya mirija ya plastiki iliyokuwa ikiipitisha kando wakati ini likitolewa, na mabonge yakasafiri hadi kwenye mapafu. Hakuna aliyefikisha mwezi. Boston na Paris nako walijaribu, wagonjwa wakafa.

Starzl akasitisha. Hadi 1967 alirudi maabara, akatafuta namna bora ya kuhifadhi ini na ya kuizuia kinga ya mwili isilishambulie. Julai mwaka huo alimpandikiza mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naye akaishi zaidi ya mwaka.

Ilikuwa haki kuwajaribia watoto? Swali hilo ni zito, na wazazi wale walilipa gharama ambayo hakuna mafanikio yanayoifuta. Ninachomheshimu Starzl ni kwamba vifo vile hakuvificha. Alianza kuvichapisha mwaka huohuo wa 1963, akieleza kilichomuua kila mgonjwa, ili mwingine asirudie palepale.

Dawa ndizo zilizoigeuza fani. Mwaka 1980 alianza kuichanganya saiklosporini, dawa inayoizuia kinga ya mwili isikishambulie kiungo kipya, na dawa za steroidi, ambazo nazo hupunguza nguvu ya kinga, na 1989 akaanza kutumia takrolimasi, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani. Mwaka 1991 aliacha kupasua, lakini utafiti hakuuacha. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani, baadhi yao waliopandikizwa tangu miaka ya 1960, akachukua vipande vidogo vya ngozi na viungo vingine, akakuta chembe hai za mtu aliyetoa kiungo zimesambaa mwilini mwao. Wangapi huwatafuta wagonjwa wao baada ya miaka karibu 30?

Alifariki Machi 2017. Novemba mwaka huo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikafanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Tanzania, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Lakini mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani, safari ndiyo inaanza. Takrolimasi kwa kawaida humezwa asubuhi na jioni, kwa saa zilezile, na kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe: kikishuka, mwili unaikataa figo, kikizidi, dawa yenyewe inaidhuru figo ileile. Ndugu aliyetoa figo naye anahitaji kufuatiliwa.

Kwa hiyo picha ya timu ya madaktari siku ya upasuaji hainitoshi. Nataka kujua figo ngapi bado zinafanya kazi baada ya miaka mitano, zilizokufa zilikufa kwa nini, na ni wangapi waliokosa dawa kwa sababu ya fedha. Takwimu hizo zichapishwe kila mwaka, hata zikiwa mbaya, na daktari kijana anayezikusanya apewe muda na mshahara wa kazi hiyo, asiachiwe aifanye usiku akitoka zamu.