Tuma na ya kutolea

Juzi mteja wangu wa Arusha kachukua viatu pea mbili, elfu thelathini na tano, tumeelewana kila kitu, nimeshavifunga kwenye mfuko naviwahisha stendi viende na Coaster ya saa nane, mara kinaingia kimeseji, umepokea 35,000. Nikanuna. Yaani mtu kapokea hela afu kanuna! Maana hajaweka ya kutolea, ile hela ya makato ninapokwenda kuitoa kwa wakala. Na ukimuuliza atakwambia nimelipa bei tuliyopatana, na kweli kalipa, sasa hapo mwenye kosa nani? Mi nikaenda kwa wakala pale nje ya soko la Memorial hapa Moshi, nikatoka na pungufu, viatu vyenyewe nilikuwa nimeshavishusha bei mpaka mwisho, faida ikaanza kuliwa kabla sijanunua hata maji ya kunywa.

Ivi hii sentensi ya "tuma na ya kutolea" mmeshawahi kukaa mkaifikiria? Huduma ya pesa kwenye simu imeingia nchini Tanzania 2008 na M-Pesa, haina hata miaka ishirini, ila sentensi yake imeshakuwa adabu kama shikamoo. Mtumie mama mkwe elfu ishirini kavu uone utakavyosemwa Jumapili baada ya ibada. Vikao vya harusi huku Moshi, mwenyekiti wa kamati akishamaliza kusoma ahadi anamalizia "na ya kutolea jamani, tusimpe mhazini mzigo". Msibani hivyo hivyo. Mtu kafiwa, na wewe unapiga hesabu ya makato ili rambirambi yako ifike ikiwa nzima.

Nauza mitumba, kwa hiyo vitu kupanda bei naelewa. Bero likipanda na mimi napandisha, mteja anaguna, namwambia usoni kwamba mzigo umekuja juu, anachukua au anaondoka. Haya ya simu hakuna anayekwambia usoni. Mwezi wa nne niliamua kuandika kwenye daftari, kila kinachotoka kwenye simu nakiandika, bando jero, bando buku, kutuma, kutoa, kulipa bili, salio la kukopa pamoja na riba yake. Tarehe thelathini nikajumlisha, elfu arobaini na sita na ushee. Mke wangu kaniuliza umehonga nani. Kodi ya chumba kimoja huko Pasua unapata kwa hela hiyo hiyo au unakaribia, na mimi ningeulizwa kabla ningeapa kwamba simu inanila elfu kumi na tano kwa mwezi. Ndo ujanja wake huo, hela inachukuliwa mia mia, na mia hailiwi kwa uchungu.

Mama yangu ndo kanimaliza kabisa. Yupo Kibosho, ana kitochi, namuwekea vocha ya elfu mbili ili anipigie akiwa na shida. Kila baada ya wiki mbili tatu nabipiwa. Mama, salio limeenda wapi? "Mwanangu hata sijapiga, wamelichukua wenyewe." Nikadhani ni uzee. Nimepanda huko Jumamosi nikaishika simu yake nikakuta meseji mia na kitu, anatumiwa siri za kumfanya mpenzi wako asikuache. Mama ana miaka sabini na mbili, baba alishatangulia zamani! Kumbe kuna siku alibonyeza kitu bila kujua ikawa kajiunga, na kila siku anakatwa shilingi mia. Kupiga huduma kwa wateja kujitoa, nimesikiliza muziki dakika kumi na saba, wahudumu wetu wote wanaongea na wateja wengine. Nilivyopokelewa mhudumu akaniambia "mteja alijiunga kwa hiari yake". Hiari! Kwa kitochi ambacho hata kusoma meseji anamuita mtoto wa jirani.

Afu tuje kwenye bando. Nikinunua umeme wa elfu kumi leo, nikaenda Rombo wiki mbili kwenye shughuli, nikirudi nazikuta unit zangu zimetulia kwenye mita. (LUKU nayo ina lake, ile kodi ya jengo wanayotukata humo wakati jengo ni la mwenye nyumba, ila hiyo ni vita nyingine.) Lakini MB nimenunua kwa hela ile ile, mvua imenyesha, soko halina watu, sijapiga picha ya mzigo hata moja, ikifika saa ileile niliyojiunga jana naambiwa muda wa kifurushi chako umekwisha. Zilizobaki zimeenda wapi? Na usiniambie yapo mabando yasiyoisha muda, najua yapo, nimeyaangalia, ukigawanya bei kwa MB unakuta unalipia ile haki ya kutoharakishwa.

Mi biashara yangu ipo kwenye status. Asubuhi nikifungua bero napiga picha arobaini, nazipandisha, wateja wanachagua. Bando la buku zamani lilinifikisha jioni na likabaki la kuangalia mpira kwenye simu, sa hivi saa saba mchana nimeshaanza kuomba hotspot kwa jirani wa meza ya pili, na yeye ananiangalia kama nimeomba figo.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema TCRA, wale wanaosimamia mawasiliano, imelala. Haijalala, ila nendeni mkasome bei zenyewe. Mwaka 2021 walitangaza kwamba bei ya MB moja iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Nikachukua kikokotoo. GB moja ya MB 1,024 inaanzia kama 2,080 mpaka 9,570 na zote mbili ni halali! Sasa ukilalamika umepigwa unaambiwa ipo ndani ya bei elekezi. Sawa na uambiwe kilo ya sukari ni kuanzia elfu mbili mpaka elfu tisa, mangi wa dukani achague mwenyewe.

Na mwaka huohuo tarehe 2 Aprili vikaja vifurushi vipya ambavyo tuliambiwa ndo nafuu, watu kuamka wanakuta bei imeruka, kelele zilizopigwa siku ile serikali ikasitisha ikaamuru zirudi za zamani. Kwa hiyo kelele zinasaidia, wale wanaosema "mnalalamika tu" wakumbuke. 2013 pia ilipita ile kodi ya laini, shilingi elfu moja kila mwezi kila laini, watu wakaikataa mpaka ikaondolewa. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi kumi mpaka elfu kumi kwa muamala, ikapigiwa kelele, Septemba wakaishusha asilimia 30, 2022 wakaishusha tena, na bajeti ya 2023/24 ikaitoa kwenye kutuma. Miezi ile ya mwanzo mimi nilikuwa nampa dereva wa Noah ya Kibosho hela ya mama kwenye bahasha, nampa na ya soda, na bado nilikuwa naokoa. Teknolojia yote ile, minara yote ile, tumerudi kwenye bahasha.

Nisiwe mnafiki lakini, kampuni za simu siyo peke yao wanaokula. Kwenye vocha kuna VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa unaozunguka asilimia 17, ukipiga hesabu kwenye kila buku lako kama shilingi 275 hivi ni ya serikali kabla hujasema haloo. Mitambo wananunua kwa dola, mnara ulioko porini unakunywa dizeli. Naelewa. Na kupiga simu kwenyewe kumeshuka, nani anakumbuka tulivyokuwa tunaongea kwa mbio kama tunafukuzwa ili dakika isitimie.

Ila kuna kitu kimoja kinanikera hapo hapo kwenye dakika. Ile hela ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine ukipiga kwenda huko, mwaka 2013 ilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika, 2018 ikawa 15.60, ikawa inashushwa kila mwaka mpaka 2022 ikafika shilingi mbili. Mbili! Sasa kama mzigo wao umeshuka kiasi hicho, mbona mabando mengine bado yana dakika kibao za "mtandao wetu" na vidakika vichache vya "mitandao yote" kana kwamba kuvuka kwenda mtandao wa jirani ni kuvuka mpaka wa Holili? Hapa ndo ninapotaka mtu anijibu, na asinijibu kwa tangazo lenye wasanii wanacheza.

Utaambiwa hama. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama na namba yako, kweli. Nimehama mara moja, miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mfalme, mabando ya ofa kila asubuhi, mwezi wa nne nikafungua menyu nikakuta lile bando langu halipo, halijapandishwa bei, HALIPO, kuna jingine lina jina tamu zaidi na MB pungufu. Sa hivi natembea na laini tatu, zote za alama ya kidole, moja ya bando, moja ya kupokea hela, moja kwa sababu mama ameishika kichwani na hawezi kushika nyingine.

Ninachotaka siyo kikubwa. MB zikae kama unit za LUKU. Hakuna kuungwa kwenye huduma ya kukatwa kila siku bila mtu kuthibitisha kwa PIN yake, hasa hawa wazee wa vitochi. Na bando likibadilishwa, nitumieni meseji yenye bando la zamani na jipya pembeni, mbona za bahati nasibu mnatuma saa kumi na moja alfajiri?

Yule wa Arusha nilimpigia kumuulizia kama mzigo umefika. Umefika, kafurahi, anataka pea nyingine ya mdogo wake. Nikamtajia elfu kumi na nane. Akanyamaza kidogo, akacheka, "na ya kutolea au bila?" Nikamwambia dada yangu, mpe hela mkononi yule dereva wa Coaster.