Retina ina njaa: tuilishe zaidi ama tuipunguzie midomo?

Bamdogo wangu ni fundi cherehani pale Bombo, Uganda, nimekua nikimwona na futi shingoni. Mwaka jana akaanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nikamkuta anapapasa sindano kwa ncha ya kidole akitafuta tundu huku uso kaelekeza ukutani, nikajua hii si habari ya miwani ya kusomea tena. Sukari anayo miaka 11. Na tayari alikuwa ameshauziwa kopo la vidonge kwa shilingi 180,000, kijana aliyemuuzia akamwambia hivi vinalisha seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kuzirudishia nguvu.

Toka siku hiyo nimekuwa nikisikiliza watu wakibishana juu ya hivi vidonge, kwenye magrupu ya WhatsApp, msikitini, hata ndani ya taxi. Wengine wanasema saplimenti zote ni wizi, hakuna la kujadili. Wengine wanasema madaktari hawataki tujue kwamba jicho linaweza kulishwa likapona. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na shida ni kwamba mgonjwa wa Uganda analipia ubishi huo kwa macho yake.

Tuanze na yule kijana, manake alichosema kina msingi. Retina ni kama bitana ya koti, imetandikwa nyuma ya jicho kwa ndani, nyembamba sana, lakini ukipima gramu kwa gramu ni kati ya sehemu za mwili zinazokula oksijeni nyingi kuliko zote. Mule ndani kuna seli za kuonea, zile za mwanga hafifu zinafika kama milioni 120 kwa jicho moja na zile za rangi kama milioni 6. Na hizo seli hazipumziki gizani. Kwenye giza milango ya chumvi kwenye ngozi ya seli inabaki wazi, sodiamu inaingia bila kukoma na seli inabidi iipampu nje usiku kucha, kwa hiyo ukilala taa zimezimwa retina yako ndo inakula zaidi. Mwanga ukiingia milango inafunga na kazi inapungua.

Chakula chao ni glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Otto Warburg, yule Mjerumani aliyepewa Nobel 1931, aliona miaka ya 1920 kwamba retina inageuza glukosi nyingi kuwa laktiti, yaani glukosi iliyochomwa nusu tu, hata oksijeni ikiwepo ya kutosha, kitu ambacho seli nyingi za mwili mzima hazifanyi. Baadaye ikaonekana ile laktiti haipotei, seli za sakafu ya retina zinaipokea na kuichoma, na kwa kufanya hivyo zinaacha glukosi ipite iende kwa seli za kuonea, yaani jirani anakula kilichobaki kwako ili wewe ukipate cha kwanza. Huo utaratibu ukivurugika upande mmoja, upande wa pili unalala njaa.

Ndani ya seli mitokondria ndo sigiri, na kuna kitu kinaitwa NAD ambacho ni kama boda, kinapakia nguvu kutoka kwenye glukosi, kinashusha kwenye sigiri, kinarudi kupakia tena. Umri ukienda boda zinapungua. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa kazi yao juu ya panya wenye glakoma ya kurithi, ugonjwa unaoua polepole neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, wakawapa nikotinamidi, aina mojawapo ya vitamini B3 ambayo mwili unatengenezea NAD, na kwa dozi kubwa kabisa macho 93 katika kila 100 hayakupata uharibifu wa hiyo neva. Mtu akisoma hiyo moyo unaruka, na mimi uliruka. Halafu 2020 Australia wakajaribu kwa watu 57 wenye glakoma, gramu 1.5 kwa siku kisha gramu 3, na seli za ndani za retina zikaonyesha kufanya kazi vizuri kidogo. Mwaka 2022 New York wakaichanganya na piruviti, kitu kingine ambacho seli inachoma kupata nguvu, kwa watu wachache, 32 walimaliza, nao wakaona dalili nzuri kwa muda mfupi. Kwa hiyo anayesema kulisha seli ni hadithi za wauza dawa hajasoma, na namwambia hivyo bila kumzunguka.

Lakini sasa nikachukua kopo la bamdogo nikaligeuza nyuma, nikasoma ile karatasi ndogo kwa tochi ya simu. Vitamini B3: miligramu 18 kwa kidonge. Utafiti unaongelea miligramu 3,000! Karanga za kukaanga gramu 100 zina kama miligramu 12 za B3, kwa hiyo kidonge kimoja cha kopo lile la 180,000 ni sawa na kama gramu 150 za karanga za mama pale stendi. Na ukitaka kufika gramu 3 kwa karanga itabidi ule kama kilo 25 kwa siku, ndo ujue dozi hiyo imeshatoka kwenye chakula, imekuwa dawa, na dawa kubwa inaweza kuumiza ini, inabidi damu ipimwe. Pia B3 ziko aina mbili na watu wanazichanganya. Ile nyingine, niasini yenyewe, kwa dozi kubwa inachoma uso na kuwasha mwili, na imewahi kufanya maji yajae katikati ya retina kwa baadhi ya watu. Sasa mtu wa sukari ambaye tayari ana hatari ya maji hayo hayo, muuzaji wa mtaani anajua anampa ipi?

Na glakoma si sukari. Hapo ndo naona mambo yanachanganywa sana. Kwenye sukari shida ya seli haianzi na kukosa chakula, inaanza na kushiba kupita kiasi, glukosi inajaa, sigiri inajazwa mkaa mpaka inatoa moshi, ule moshi unaharibu mishipa midogo ya damu mpaka inaziba, na mishipa ikishaziba sehemu ya retina inakosa oksijeni ndo njaa yenyewe inaanza. Ile sehemu yenye njaa inapiga kelele ya kikemikali kuomba mishipa mipya, mishipa inaota kweli ila ni dhaifu, inapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho na mtu anaamka asubuhi anaona kama pazia jeusi. Ukimwambia mtu huyu aongeze chakula cha seli umeshika ugonjwa kwa mkia.

Kuna jaribio moja ambalo naliheshimu sana kwa sababu lilikuwa na wazo zuri kuliko mengi. Uingereza wakafikiri hivi: kama seli za kuonea zinakula oksijeni zaidi gizani, basi mgonjwa wa sukari alale na kinyago chenye mwanga mdogo juu ya macho, njaa ya usiku ipungue. Kila hatua ya wazo inaingia akilini. Wakachukua watu 308, wakawafuatilia miaka 2, majibu yakatoka 2017: hakuna faida iliyoonekana, na wengi walishindwa hata kukivaa. Vilevile vitamini A kwa ugonjwa wa kurithi wa retina, 1993 ilisemekana uniti 15,000 kwa siku zinapunguza kasi, watu wakanywa miaka 30, kisha 2023 data zikarudiwa kwa macho mapya pamoja na vipimo vya jeni na ile faida haikuonekana. Kwa hiyo wazo kuwa sahihi ni kitu kimoja na dawa kufanya kazi ni kitu kingine, kati yao kuna miaka ya kupima watu.

Sasa angalia leza, hapo ndo mimi niligeuka kichwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa majibu 1976 kwamba leza inapunguza upofu mkali wa sukari kwa zaidi ya nusu. Inafanyaje? Daktari anatumia mwale wa mwanga mkali kuchoma vidoa mamia kwa mamia pembeni mwa retina, anaua kwa makusudi sehemu ya zile seli zinazokula sana, oksijeni iliyobaki inawatosha waliobaki, kelele ya njaa inanyamaza na mishipa mibovu inasinyaa. Hiyo ni tiba ya nguvu ya seli kabisa, ila inakwenda kinyume na tangazo la kijana, inapunguza midomo. Na ina gharama yake ya kweli, kuona kwa pembeni na usiku kunapungua, sitaki mtu afichwe hilo.

Hapa nawageukia wale wa upande wa pili, wanaocheka kila kitu kinachoitwa kulisha jicho. Mwaka 1993 ilionekana kwa watu wa sukari ya aina ya kwanza kwamba kuibana sukari vizuri kunapunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Mwaka 1998 Uingereza wakaonyesha kwa aina ya pili kwamba kuibana presha kunapunguza kuendelea kwa uharibifu kwa kama theluthi. Hizo si habari za nguvu ya seli? Na vidonge navyo, 2001 Marekani walionyesha mchanganyiko wa vitamini C, E, beta-karotini na zinki kwa dozi kubwa unapunguza kwa kama asilimia 25 hatari ya kuzidi kwa ule ugonjwa wa uzee wa katikati ya retina, kwa waliofika hatua fulani, halafu 2013 wakatoa beta-karotini wakaweka luteini, rangi ya njano inayopatikana kwenye mboga za majani, kwa sababu beta-karotini ilikuwa hatari ya saratani ya mapafu kwa wavuta sigara. Ugonjwa fulani, hatua fulani, dozi fulani. Daktari akisema "vidonge vyote takataka" halafu asimweleze mgonjwa hayo, mgonjwa anatoka mlangoni anaingia kwa muuzaji, na yule muuzaji ana muda wa kumsikiliza. Kwa kweli hilo linaniuma kuliko bei ya kopo, manake bamdogo alikuwa ameenda kliniki ya sukari miaka yote 11 na hakuna hata siku moja aliambiwa apimwe nyuma ya jicho.

Tulimpeleka Kampala. Wakamweka matone ya kufungua mboni, tukakaa kwenye benchi, akawa anashindwa kusoma hata saa yake mwenyewe. Kisha picha ikatokea kwenye skrini, duara la rangi ya chungwa kama jua la magharibi, na juu yake vidoa vyekundu kama mtu amedondosha wino, na vingine vya njano vimekaa karibu sana na katikati. Tulipotoka nje jua lilimuumiza, nikamvua kofia yake nikaishusha mpaka kwenye nyusi.

Mimi nimesimama hivi. Mwenye glakoma asiache matone yake, na kama anataka nikotinamidi amuulize daktari wake waziwazi, apimwe ini, asubiri majaribio makubwa yanayoendelea kwa moyo mzuri kwa sababu hiyo njia ina matumaini. Mwenye sukari, ile laki na themanini ni nauli ya kwenda hospitali ya Mulago, Mengo ama Ruharo kule Mbarara na kurudi, na kupimwa nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri, manake uharibifu unaanza kimya kabisa. Karanga na mukene, wale dagaa, ale tu, ni chakula kizuri.

Jicho la kulia la bamdogo limeshapigwa leza, la kushoto linangoja sindano ya kukausha maji yaliyojaa kwenye retina. Asubuhi anapima sukari anaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, namba yake chini ya mabega na viuno vya watu. Uzi bado namtungia mimi.