Dartmouth: hati iliyoheshimiwa nusu

Hati ya kifalme iliyoanzisha Chuo cha Dartmouth, iliyotolewa Desemba 13, 1769 na Gavana John Wentworth wa New Hampshire, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini, kwa jina la Mfalme George III, inawataja walengwa wake kwa mpangilio: kwanza vijana wa makabila ya wenyeji asilia wa Amerika, kisha vijana wa Kiingereza na wengineo. Ubishi uliopo hadi leo ni kama mpangilio huo ulikuwa nia ya kweli au chambo cha wafadhili.

Wanaomtetea mwanzilishi, Mchungaji Eleazar Wheelock, wana la kusema. Shule yake ya awali huko Lebanon, Connecticut, ilikuwa ya wenyeji asilia kweli, na ilikuwa ikiyumba. Waoneida, mojawapo ya makabila hayo, waliwaondoa watoto wao 1769. Chuo kinahitaji ardhi, na ardhi ilitolewa na wakoloni waliotaka watoto wao wasome. Bila vijana wa Kiingereza, huenda hapangekuwa na chuo kabisa.

Sawa. Lakini kwa nini wazazi waliwaondoa watoto? Mwaka 1767 baba mmoja wa kabila la Wanarragansett alimwandikia Wheelock akilalamika kwamba mwanawe anafanyishwa kazi za shamba. Alimpeleka akasome, kulima angeweza kumfundisha mwenyewe nyumbani. Ukishaisoma barua hiyo, ile habari ya shule kuyumba yenyewe haimsaidii sana Wheelock.

Halafu yuko Samson Occom, ambaye kwa maoni yangu ndiye hasa aliyekiwezesha chuo hiki kuzaliwa. Alikuwa wa kabila la Wamohegan, mwanafunzi wa Wheelock tangu 1743, akawekwa wakfu kuwa mchungaji wa Kipresbiteri 1759. Mwishoni mwa 1765 alipanda meli kwenda Uingereza kuichangishia fedha shule ya Wheelock, akahubiri zaidi ya mara 300 na kurudi 1768, safari ikiwa imekusanya takriban pauni 12,000. Mfalme mwenyewe alichangia 200. Watu walifurika kumwona na kumsikiliza yeye, mhubiri mwenyeji wa Amerika, na walitoa wakijua fedha zinawaendea watu wake. Aliahidiwa na Wheelock kwamba familia yake ingetunzwa. Alipofika nyumbani aliikuta katika dhiki, na punde Wheelock akahamishia mradi kaskazini, Hanover katika New Hampshire, ambako vijana weupe ndio waliojaa madarasani. Mwaka 1771 Occom alimwandikia mwalimu wake bila kumung'unya maneno: alihofia kwamba shule hiyo ingekuwa mama mweupe mno, asiyeweza kuwanyonyesha watoto wa rangi ya maji ya kunde.

Hofu hiyo ilitimia. Katika miaka 200 ya kwanza walihitimu wenyeji asilia 19 tu. Gawanya mwenyewe: hafiki hata mmoja kwa kila miaka kumi. Utetezi wa ugumu wa mwanzo unaweza kueleza miaka 20, tuseme hata 50. Hauwezi kueleza karne mbili.

Na wanaosema maneno yale ya hati yalikuwa lugha ya kuombea michango tu, wana kesi ya 1819 ya kujibu. Bunge la New Hampshire lilipotaka kukifanya chuo kuwa cha umma, wadhamini wa chuo walikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, wakitetewa na Daniel Webster, mhitimu wao wa 1801. Walidai kwamba hati ile ni mkataba na serikali haina mamlaka ya kuubadilisha. Jaji Mkuu John Marshall akakubaliana nao. Basi hati ni mkataba mtakatifu bunge linapoigusa, ila walengwa waliotajwa kwanza ndani yake wanaweza kusubiri?

Rais wa chuo John Kemeny alipoanza kazi 1970 aliahidi kuwaandikisha wanafunzi wenyeji asilia kwa dhati, na tangu hapo wamehitimu kwa mamia. Hakuhitaji sheria mpya wala hati mpya. Aliegemea ileile ya 1769.