Nafsi ya kweli, upweke na macho ya watu

Thomas Merton aliingia monasteri ya Watrapisti, watawa Wakatoliki wa maisha ya kimya, ya Gethsemani, Kentucky, Marekani, tarehe 10 Desemba 1941, akiwa na miaka 26. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia, ameandika mashairi, ameonja raha za New York, na sasa alitaka kimya. Hakukipata. Abati, mkuu wa monasteri, alimhimiza aandike habari za maisha yake, kitabu kikatoka mwaka 1948, kikauzwa mamia ya maelfu ya nakala, na barua za wasomaji zikaanza kumiminika kwa mtu aliyetaka dunia imsahau.

Nimeanza na Merton kwa sababu ni yeye hasa aliyewashawishi Wakatoliki wengi wa karne iliyopita kwamba sala ya taamuli, yaani ya kumtazama Mungu kwa kimya, si mali ya watawa peke yao. Kazi ya sala hiyo, kwa maelezo yake, ni kumvua mtu nafsi ya bandia: ile tuliyojishonea kwa sifa za watu, kwa cheo, kwa hofu ya kusemwa, hata kwa uchaji tunaouvaa ili tuonekane. Nafsi ya kweli haishonwi. Mungu anaijua tayari, nasi tunaikuta tukikaa mbele zake bila maneno na bila kuomba kitu.

Hoja hii inauma kwetu, maana maisha yetu yanaendeshwa mno na swali la watu watasemaje. Kwa swali hilo mtu hukopa ili harusi ifane, huchangia asichokuwa nacho, hukesha akisali kwa spika ili mtaa mzima ujue. Mwambie akae kimya nusu saa. Kitu cha kwanza atakachokutana nacho huenda kisiwe Mungu: ni ugomvi wa jana, jibu ambalo angempa mkuu wake wa kazi, na namna alivyoonekana kikaoni. Kuyaona hayo tu ni faida, na sijui njia nyingine inayoyaonyesha waziwazi hivyo.

Lakini upo upande wa pili, na John Mbiti, kasisi Mkenya wa Kianglikana, aliueleza mwaka 1969 kwa namna ambayo bado haijajibiwa vizuri: katika fikra za Kiafrika, mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Ukimvua ubaba, ujirani, ukoo, na lugha aliyofundishiwa kusali, unayemkuta chini ni nani hasa? Hata kimya kinafundishwa. Mtrapisti huamshwa kabla ya alfajiri, huimba zaburi za Waisraeli pamoja na wenzake, na hufuata Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6. Hajaikimbia jamii. Amehamia nyingine yenye masharti makali zaidi. Wanaowajua Wabenediktini, watawa wa Kanuni hiyohiyo, wa Peramiho au Ndanda kusini mwa Tanzania wanalijua hili bila kufundishwa: kengele ya sala, kisha hospitali na karakana.

Hata hivyo siwezi kusimama na Mbiti hadi mwisho. Jamii inayotuumba ndiyo hiyohiyo iliyowahi, kule Usukumani, kuwaita vikongwe wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wengine wakauawa. Mtu ambaye hana chochote ndani yake ila alichopewa na wenzake atasimama wapi siku ya kuwaambia hapana? Hapo sisi tuna deni kwa Merton, na hapo ndipo neno nafsi ya kweli linapoacha kuwa pambo la mahubiri.

Tatizo ni kwamba maisha yake mwenyewe hayatoi ushahidi ulionyooka. Mwaka 1962 wakubwa wa shirika lake walimkataza kuchapisha maandishi kuhusu vita. Alitii, lakini nakala zilizopigwa kwa mashine zikaendelea kupita mkono kwa mkono. Ni nafsi ya kweli iliyokuwa ikisema, au mwandishi asiyeweza kunyamaza? Mwaka 1966, akiwa tayari amehamia kwenye kibanda chake cha ukaapweke, alimpenda muuguzi mwanafunzi aliyemhudumia hospitalini, akayumba vibaya. Na ule ufunuo wake mashuhuri wa tarehe 18 Machi 1958 haukumjia kanisani. Ulimjia kwenye makutano ya barabara mjini Louisville, katikati ya wanunuzi, alipotambua ghafla kwamba anawapenda wote na kwamba kujiona yuko kando nao kwa sababu ya utakatifu ilikuwa ndoto.

Watetezi wake watasema miaka 16 ya kimya ndiyo iliyomfungua macho. Sikatai. Ila umati nao ulihitajika ili kuwe na cha kuona.

Mimi naona hivi: taamuli ni hodari wa kubomoa na dhaifu wa kujihakiki. Aliye peke yake anaweza kuita kiburi chake sauti ya Mungu na asiwepo wa kumrudi. Roma iligusa jambo hilo katika barua ya mwaka 1989 kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo, ikionya kwamba mbinu za sala zinaweza kumfungia mtu ndani yake mwenyewe. Onyo lenyewe ni la zamani. Benedikto, katika sura ya kwanza ya Kanuni yake, anawakubali wakaapweke waliokwisha kujaribiwa muda mrefu pamoja na ndugu zao monasterini, si wale wenye ari ya siku za mwanzo.

Merton mwenyewe aliruhusiwa rasmi kuishi peke yake mwaka 1965, baada ya karibu miaka 24 ya kuishi na wenzake, wakiwemo waliomchosha. Mafungo ya wikiendi yanayonadiwa siku hizi kwa ahadi ya kukutana na nafsi yako yanaruka sehemu hiyo yote, na wanaoyaandaa wangefanya vema kusema hivyo kabla ya kukusanya ada.