Orodha ya Michango Iliyomezwa na Ukuta

Nilipokuwa nazunguka ndani ya pagale langu kule Isyesye nikiburuza kamba ya mita 9, majirani waliamini nazindika nyumba. Siwalaumu. Mtu mzima, jua la saa sita, anaingia chumba hiki anatokea kile, akifika kona anatikisa kichwa, anarudi, anachora alama ya chaki ukutani. Mama mmoja muuza maparachichi alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama mtaalamu wangu ametoka Sumbawanga au nimempata hapahapa Mbeya.

Nilikuwa napima mpira tu. Mfumo wa kufyonza vumbi wa nyumba nzima una mashine moja inayokaa stoo, mabomba yamelazwa ndani ya kuta, na kila upande wa nyumba una tundu lenye kifuniko. Unachomeka mpira kwenye tundu, vumbi linasafiri ukutani mpaka kwenye pipa la mashine. Mpira wenyewe mara nyingi ni mita 9 hivi, kwa hiyo kabla ya lipu unachukua kamba ya urefu huo na kuhakikisha inafika nyuma ya kila kochi na chini ya kila kitanda. Ukikosea hapo, utakuja kutoboa ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Anayeuliza vumbi gani hilo hajakaa Isyesye mwezi wa tisa. Mke wangu hupiga chafya kuanzia Julai mpaka mvua zikolee. Ufagio unalihamisha tu vumbi, na zile mashine za kuburuza zinarudisha lile laini chumbani kwa mlango wa nyuma. Hii hewa yake inatemwa nje ya nyumba kabisa. Halafu ngurumo inabaki stoo. Sifa hiyo muuzaji wa Dar aliirudia kuliko zote: "Mzee, mama atasafisha na wewe unasikiliza taarifa ya habari, hupotezi hata neno."

Shemeji yangu aliyeko Marekani alitaka kunitumia ya kwake iliyotumika, bure. Nikamwambia ya kwao ni ya volti 120, huku kwetu ukutani kuna 230, itawaka siku ya kwanza na itazimika siku hiyohiyo. Ukweni wakasema nadharau zawadi. Nikanunua yangu, na nikachukua saizi moja juu ya ile niliyoshauriwa, maana Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mashine ya namna hii huku inapoteza karibu moja ya tano ya mvuto wake. Muuzaji alidhani natania.

Basi akaja fundi bomba. Nilimchorea kila kitu. Njia nzima bendi ndefu, yaani kona za bomba zinazopinda taratibu, ili takataka ziteleze. Mgongoni mwa kila tundu tu ndipo elibo kali, ile kona ya ghafla, kusudi kitu kikubwa kikiingia kikwame palepale, mtu akitoe kwa mkono. Siku ya kufunga nilikuwa Tunduma. Niliporudi lipu imepigwa, na fundi ananieleza kwa fahari kwamba zile bendi nzuri, za bei, ameziweka mgongoni mwa matundu, "ziwe karibu na watu, bosi," na elibo amezificha huko ndani ambako hakuna mgeni atakayeziona.

Tukahamia. Mashine ikafanya kazi vizuri tu, mpaka kamati ya harusi ya mdogo wake mke wangu ilipoleta kikao sebuleni kwangu.

Mhazini wetu ni mwalimu mstaafu. Orodha yake ya michango ilikuwa fulskepu moja ndefu, majina kwa alfabeti, mbele ya kila jina ahadi, mbele ya ahadi kilicholipwa. Alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa tundu, orodha mapajani, noti juu yake. Hayo matundu yana vichuma viwili vidogo vya kuamsha mashine. Umeme wake ni volti 24, haumrushi mtu, lakini ukiviunganisha kwa chuma chochote mashine inawaka. Mjukuu mpendwa wa mama mkwe alikuwa na kijiko cha uji. Akainua kifuniko, akachomeka.

Noti zilitangulia. Fulskepu ikafuata, ikajikunja yenyewe, ikaingia kwa heshima zote. Mhazini alibaki ameshika kalamu.

Pesa tulizipata pipani ndani ya dakika chache, elfu kumikumi zote, zimeshika nywele. Orodha haikuwemo. Ilipita ile bendi nzuri ya karibu na watu, ikakwama kwenye elibo, katikati ya ukuta.

Hapo kikao kikagawanyika. Waliokwisha lipa walitaka ukuta uvunjwe usiku uleule; mmoja aliulizia nyundo. Wenye ahadi walinionea huruma ambayo sijawahi kuonewa tangu nizaliwe. "Nyumba ya mtu ni heshima yake!" alisema mzee mmoja aliyeahidi laki tatu tangu Pasaka. Mwingine aliyapapasa matofali yangu ya kuchoma akasikitika machozi yakimlenga. Waliotuma kwa simu walionyesha meseji zao wakanyamaza. Waliolipa mkononi ghafla wakawa wengi, na idadi yao ilizidi kuongezeka kadiri chai ilivyomiminwa.

Nikampigia fundi. Akasema niwashe mashine, nizibe tundu kwa kiganja mpaka lijivute, kisha niachie ghafla, nirudie. Ushauri huo, lazima nikiri, ni sahihi. Kijana wa pikipiki akajitolea kiganja. Ziba, achia. Ziba, achia. Ile saizi moja juu ikalipa: kitu kikagonga ndani ya ukuta, kikakimbia kuelekea stoo, na sisi sote nyuma yake.

Karatasi ilikuwa imechanika kwenye herufi M. Kuanzia A mpaka L ilisomeka vizuri kabisa. Kuanzia M kwenda chini ilikuwa chembechembe na unga wa saruji. Na hapa ni Mbeya, ndugu msomaji. Sebule nzima ni Mwa-huyu na Mwa-yule.

Mwenyekiti akaamua kila Mwa- asimame, aseme mbele ya Mungu amelipa kiasi gani. Wote walikuwa wamelipa. Wawili walilipa zaidi ya ahadi.

Zamu yangu ikafika, maana na mimi ni Mwa-. Nikasema laki moja, mkononi. Mke wangu akakohoa. Nikaona niwahi: nikachomeka mpira, nikaanza kusafisha chini ya meza kwa bidii, ili mashine ifunike yatakayofuata. Ikawaka. Ngurumo yote ikabaki stoo, sebuleni ukasikika upepo mdogo tu.

"Baba Tumaini, laki moja ipi? Hiyo uliyonunulia mpira ulioushika?"

Hakuna aliyepoteza hata neno.