Ufa uleule, mara ya tatu

Jamani, wachomeleaji wa Goma! Keria ya piki yangu imepasuka tena, kidole kimoja tu kutoka kwenye kovu la juzi. Mawe ya volkano huku Ndosho nayajua, siyalaumu. Namlaumu fundi anayechomelea juu ya rangi na kutu, kisha anagonga nyundo mara mbili: "Papa, hii imeshika!" Imeshika nini? Mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee kutembea, unachimbwa mfereji kwa grainda, unasuguliwa hadi chuma king'ae, ndipo moto. Na betri uichomoe kwanza, ndugu yangu! Mara ya pili hakuichomoa, nikarudi nyumbani bila taa. Sasa anataka nimwachie na kifuniko cha injini, aluminiamu ile, akichomee kwa vijiti vilevile vya chuma. Thubutu.